Wivu Mwenye Makengeza

Calagurris, siku ya tatu baada ya Pasaka

Kaka yangu mpendwa Turibius,

Amani ya Kristo ikukute huko Tarraco. Mimi ni mzima. Baba amedhoofu na macho yamemzimika, ila ulimi wake haujazeeka. Je, kile kifua chako kimepona?

Baba ameanza upya lile shairi la vita, ambamo Imani, Subira na wenzao wanapigana na Kiburi, Wivu na Uongo ndani ya roho ya mtu. Yeye husema, mimi huandika.

Unakumbuka alipowasomea wageni mara ya kwanza, miaka sita iliyopita? Wivu alitokea vitani akiwa na makengeza. Wageni wote wakanigeukia. Jirani yetu Paterna akaniuliza, "Bibi Wivu, upanga umeuacha wapi?" Wakacheka hadi machozi, na baba hakuwakemea. Wiki ileile shairi likakutwa majivu jikoni. Kwa kuwa mlikuwa mmegombana kuhusu wewe kukataa upadri, baba hakumwuliza mtu mwingine. Alikufukuza mbele ya watumishi.

Jana tulimfikia Uongo. Baba akaniuliza, "Asella, wewe ndiye mwenye macho. Mwongo anafananaje?" Nikajibu kwamba anafanana na mtu yeyote, hata na huyu anayekuandikia. Alidhani natania.

Kaka, shairi nililichoma mimi. Nilikuona ukitoka na furushi lako, nikajificha ghalani. Kila barua niliyokuandikia tangu hapo niliijaza habari za mizeituni ili nisiandike hili.

Nilipiga magoti nikamweleza baba yote. Yeye akauliza kama kweli alimpa Wivu macho yangu. Nikasema ndiyo. "Nilidhani naichora dhambi," akasema, "kumbe namchora mwanangu." Akaniagiza nikuandikie kwamba mzee aliyekufukuza anakuomba radhi, na kwamba usipotaka kuja, usilazimishwe.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Njoo unigombeze uso kwa uso, na ukimaliza, ule nasi. Lakini usikawie, kaka. Siku hizi baba akisikia hatua mlangoni hutaja jina lako.

Watumishi wote wanakusalimu. Mungu akulinde njiani.

Mimi mdogo wako,
Asella