Pezi la Katikati

Mabawa, Tanga
2 Mei 2025

Kwa ndugu yangu Yazid,

Assalaam alaikum. Natumai uko salama huko Maskati na joto halijakukaanga. Sisi hatujambo. Mama hajambo, sukari imetulia. Barua zako bado hataki nizisome simuni mbiombio. Lazima nikae chini, nisome polepole, kisha nirudie. Anasema kati yetu sisi wawili aliotunyonyesha, wewe ndiye uliyekuwa ukimng'ata, na bado anakupenda zaidi.

Nina shida. Ule ubao wako wa kusimama na kupiga kasia, ulioniachia ulipoondoka, ninao. Sasa huko Moa imefunguliwa hoteli, na meneja wake, bwana mmoja Edgar, anatafuta mwalimu wa kufundisha wageni ubao wa tanga. Kaniambia: njoo tarehe 31 na chombo chako, uende mpaka kwenye mikoko ya ng'ambo na urudi hapa nilipo, kazi ni yako. Na baba yake Sabra amesema hamtoi binti yake kwa mtu anayeshinda akiziba boti na kunuka gundi ya faiba. Nikimletea barua ya kazi, ndoa ni baada ya Idi. Nisipoileta, nisimpigie hodi tena.

Kwa hiyo Sabra wangu amekaa juu ya ubao huo. Wewe huko unacheza ubao wa tanga kila Ijumaa. Nieleze nifanye nini ili huu wa kasia ubebe tanga. Usiniache hata na kitu kidogo.

Nduguyo wa kunyonya,
Rahimu

*

Maskati
6 Mei 2025

Ewe ndugu yangu Rahimu,

Waalaikum salaam. Mimi mzima, nakula, nalala, nafanya kazi. Mama hajambo? Mbusu mkono kwa niaba yangu. Aliyenizaa sikumwona, mama ninayemjua ni huyo. Mwambie karatasi zake za Umra nimeshaanza. Nataka nimsukume mwenyewe kwenye kiti cha magurudumu mpaka mbele ya Al-Kaaba, baada ya hapo Mungu anifanye atakavyo.

Yakhe, umenichekesha. Miaka mitatu iliyopita nilikutuma kwa Sabra upeleke salamu zangu, ukapeleka zako. Leo unataka nikusaidie kumwoa! Lakini sina kinyongo. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa sikiliza. Pima katikati ya ubao, mbele kidogo ya pale unaposimama. Toboa, uzamishe bamba la chuma lenye nati, ulifunge kwa gundi na faiba, maji yasiingie. Hapo utafunga kiungo cha mpira kinachopinda kila upande, na juu yake mlingoti. Usitafute mlingoti wa duka, mwanzi mzuri wa milimani Amani unatosha. Kishikio kifunge usawa wa mabega. Tia na kamba ya kuinulia tanga likianguka majini, maana litaanguka. Pezi dogo la nyuma ulilonalo liache kama lilivyo.

Ni hayo tu. Ubao wa kasia na wa tanga ni mtu na nduguye.

Nduguyo,
Yazid

*

Mabawa
19 Mei 2025

Ndugu yangu Yazid,

Assalaam alaikum. Hujambo? Mama hajambo, na habari ya Umra imemfanya aanze kugawa vyombo vyake kwa majirani, kama mtu asiyerudi. Nimemwambia Umra ni siku kumi.

Kazi imekwisha. Bamba limeshika, hata ng'ombe halivuti. Mwanzi nimeufuata Amani mwenyewe. Tanga limeshonwa kwa kitambaa cha hema kuukuu, la rangi ya machungwa, utadhani nakwenda kuuza juisi.

Ila neno moja. Fundi Ayubu, yule wa ngalawa, kaupindua ubao, akaupapasa tumbo, akasema: "Mwanangu, hiki kitakwenda upande upande kama kaa. Hapa katikati chini hakina kitu cha kushika maji." Na kweli, nikijaribu pale mkondoni napelekwa pembeni, kisha narudi kwa miguu nikiwa nimeubeba kichwani.

Nikamjibu kuwa ndugu yangu anaijua kazi hii. Mama akadakia: "Yazid kanyonya ziwa hili, hawezi kukuacha ukaumbuka." Kwa hiyo sikuulizi. Nikikuuliza nitakuwa nimekutilia shaka, na mtu hamtilii shaka wa ziwa moja. Nakueleza tu yaliyosemwa.

Mama amesema tarehe 31 atakuja Moa kunishangilia. Baba yake Sabra naye atakuwepo.

Nduguyo,
Rahimu

*

Maskati
21 Mei 2025

Rahimu,

Salaam. Mimi sijambo. Mama hajambo?

Mzee Ayubu mwachie ngalawa zake. Unapelekwa pembeni kwa sababu upepo wa mkondoni ni mdogo. Ukiwa mkali, ubao unashika maji wenyewe. Siku hiyo omba kusi livume hasa, na usiongeze kitu chochote chini ya ubao, utauharibu. Nenda moja kwa moja mpaka mbali, wakuone. Kugeuza utageuza ukifika.

Nduguyo,
Yazid

*

Mabawa
10 Juni 2025

Yazid,

Assalaam alaikum. Idi imepita. Mama hajambo.

Kusi lilivuma kama ulivyoniombea. Nilikwenda, wakapiga makofi, wageni wakatoa simu wakanipiga picha. Nilipogeuza ili nirudi, ubao haukurudi. Ulikwenda upande upande, kama kaa. Kila nikilivuta tanga nasogea kaskazini, nikiliachia nasogea kaskazini. Nikalala juu ya ubao nikapiga mikono mpaka mabega yakafa. Watu wa Vanga, ng'ambo ya mpaka, ndio walioniopoa, jua limeshazama. Siku nne nilikuwa kituoni nikieleza kwa nini nimeingia nchi ya watu na bukta, bila simu wala kitambulisho. Hapa nyumbani walishaanza kunisomea Yasini.

Kazi amepewa kijana wa Dar, jina lake Innocent. Nilipopita hotelini kuchukua nguo zangu, nikirudi kutoka Vanga, alinikuta nimeushika ubao. Akaugeuza, akauliza: "Kaka, pezi la katikati liko wapi?" Nikasema pezi gani. Akacheka, kisha akaniangalia akaacha. Kasema hilo ndilo jambo la kwanza kuambiwa mtu anayetia tanga kwenye ubao wa kasia. La kwanza, Yazid. Bila hilo unakwenda unakopelekwa na upepo.

Baba yake Sabra amesema binti yake hamwozi mtu anayekwenda Kenya bila kuaga. Watu walicheka barazani. Sabra hakucheka, lakini Ijumaa iliyopita wameshapokea posa ya mtu mwingine.

Nijibu neno moja. Ulijua?

Rahimu

*

Maskati
12 Juni 2025

Ndugu yangu Rahimu,

Waalaikum salaam. Kwanza nashukuru Mungu uko hai. Sikutaka ufe. Nilitaka uadhirike.

Nilijua. Nilipokuwa naandika ile barua ya kwanza niliandika habari ya pezi, kisha nikaifuta. Nilikaa na simu mkononi nikijiuliza kama ulisitasita hata kidogo siku ile ulipofika kwa Sabra na salamu zangu mfukoni. Halafu uliponiandikia habari ya tanga la rangi ya machungwa, nikakuona akilini juu ya ubao wangu, unaondoka huku mkweo anapunga mkono. Nimecheka mpaka jamaa ninaokaa nao wakagonga mlango.

Basi, tumelipana. Mimi sina Sabra, wewe huna Sabra. Sasa turudi kuwa ndugu, maana maziwa hayatapiki. Mama tu usimwambie habari ya pezi, nakuomba. Nampigia hapatikani, simu yake ina nini? Mwambie viza imekaribia, mwezi wa nane nakuja kumchukua.

Nduguyo,
Yazid

*

Mabawa
20 Juni 2025

Ndugu yangu mpenzi Yazid,

Assalaam alaikum. Barua yako nimeipata. Umesema kweli, tumelipana, na mimi nilianza. Tuyaache.

Mama hajambo, anakusalimu sana. Simu yake iliingia maji. Habari ya pezi sikumwambia, wala sitamwambia. Fanya kazi yako kwa raha.

Nduguyo,
Rahimu

*

Maskati
10 Julai 2025

Ndugu yangu Rahimu,

Salaam. Mzima? Mama hajambo? Mwezi mzima sijaisikia sauti yake na siipendi hali hii. Kila nikikupigia wewe uko kazini au yeye amelala.

Nimepata likizo ya wiki moja, naweza kupanda ndege kesho. Lakini nikiitumia sasa, ya Agosti naikosa, na Umra imeharibika. Niambie kweli, kwa haki ya ziwa tulilonyonya. Kama ana lolote, nakuja kesho. Kama hana, nangoja Agosti nimpeleke anakotaka.

Yazid

*

Mabawa
11 Julai 2025

Ndugu yangu Yazid,

Assalaam alaikum. Mama hajambo. Anasema ungoje Agosti, usimharibie Umra yake.

Nduguyo,
Rahimu

*

Mabawa
3 Agosti 2025

Kwa Yazid,

Assalaam alaikum. Tiketi yako ni ya tarehe tano, nikaona usije ukafika na kile kiti cha kusukuma ukatuaibisha barabarani.

Mama tumemzika Jumapili, tarehe 27.

Siku ile Moa, ubao uliponipeleka, watu wote walisimama wakitazama. Yeye hakusimama. Alivua viatu akanifuata kandokando ya pwani, ndani ya mikoko, akiniita, mpaka akakanyaga magamba ya chaza. Jeraha la unyayo tu. Lakini sukari unaijua. Nilipotoka kituoni nilikuta mguu umeshavimba. Nilipokuandikia siku tatu baada ya Idi kukuuliza kama ulijua, alikuwa kitandani nyuma yangu. Kama ungejibu hukujua, au ungejibu unajuta, ningekuambia siku hiyohiyo. Ukajibu ulicheka.

Tarehe 10 Julai uliponiuliza kwa haki ya ziwa, walikuwa wameshamkata mguu na bado anazungumza. Ungepanda ndege ungemkuta, mngekaa wiki nzima. Nililijua hilo nilipokuwa naandika. Niliandika kwanza "njoo", kisha nikaifuta.

Kila alasiri aliniuliza, "Yazid hajaandika?" Barua zako zilikuwa simuni, mfukoni mwangu. Nikamwambia hajaandika. Akasema labda kazi nyingi. Siku za mwisho akawa anauliza kama amekukosea nini, na kama ni lile kofi alilokupiga ulipomng'ata. Nikamfunika shuka. Amekufa akidhani umemsahau.

Nimemuumiza Mama ili nikuumize wewe, na Mungu ataniuliza. Kila jioni nalia, sikufichi. Lakini nikikumbuka jamaa zako waliogonga mlango kwa kicheko chako, machozi yanakauka.

Ubao nimeuegemeza uani. Pezi la katikati nimeshalitia, Fundi Ayubu alinisaidia, na sasa unarudi vizuri. Ukija utaukuta.

Mimi sijambo. Je, wewe hujambo?

Nduguyo wa ziwa moja,
Rahimu