Bati Nililolikata kwa Mkasi

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa kituoni, chumba cha upelelezi, Jumapili tarehe 17, saa tatu na robo asubuhi.

Jina: limehifadhiwa jaladani. Mtaani anaitwa Rejeta.
Umri: miaka 46.
Kazi: fundi wa rejeta, mwaka wa ishirini na mbili sasa.
Makazi: chumba cha uani nyumbani kwa mama yake, nyuma ya kiwanda cha matofali.
Amekuja mwenyewe, hakuitwa.

Mimi ni mtu mzima, nina akili zangu timamu, sijanywa na hakuna aliyenituma. Kaka yangu yuko selo hapa tangu juzi kwa kosa la kumpiga fundi mzee tunayemwita Babu Feni. Aliyowaambia ni nusu. Nusu nyingine ninayo mimi. Naomba afande asinikatishe, maana nikinyamaza sitaanza tena.

Marehemu baba alituachia gari dogo kuukuu, injini yake iko nyuma na haitumii maji. Inapozwa na feni inayosukuma hewa ndani ya mabati yaliyoizunguka. Babu Feni ndiye aliyelitunza tangu baba yuko hai, na alikuwa na masharti kuliko mama mwenye nyumba. Oili ibadilishwe kabla haijawa nyeusi. Mkanda wa feni ubonyee kidogo tu ukiukandamiza kwa dole gumba. Na bati, hata moja, lisitolewe, kwa sababu hewa ikipata upenyo inapotea njiani, na ile ya moto ya chini inarudi kuvutwa na feni. Mimi nilikuwa namcheka. Nimezoea rejeta na maji, nikaona hizo ni hadithi za mzee asiyetaka kazi yake iguswe na mtu.

Mnamo tarehe 13, Jumatano, saa kumi jioni, kaka aliniletea gari karakana kwangu. Alisema linapata joto kwenye mlima na Babu Feni anaumwa, hafungui mpaka Ijumaa. Aliniambia nilipulizie hewa kutoa vumbi tu, nisiguse kingine. Nikasema sawa. Alipoondoka nilifungua boneti ya nyuma, nikaikuta injini imefunikwa gubigubi kama mtu mwenye homa. Nikajisemea, sasa hii itapumuaje? Nikachukua mkasi wangu wa bati, nikalikata bati la nyuma, nikang'oa na mipira inayoziba pembeni. Ilinichukua kama dakika ishirini. Tena nilikuwa napiga mluzi, afande. Kaka alipolifuata nilimwambia nimelipulizia. Nilitaka lipande mlima kwanza bila kuchemka, ndipo nimwambie, ili angalau siku moja anisifu mimi badala ya yule mzee.

Tarehe 15, Ijumaa, saa mbili asubuhi, kaka alikuwa anampeleka mama kliniki ya macho. Mama ana miaka sabini na tisa. Alikaa kiti cha nyuma, mgongo wake karibu na injini. Katikati ya mlima wa hospitali injini ikawaka. Nadhani joto lilipasua mpira wa petroli. Gari lile lina milango miwili tu, na yote iko mbele. Kaka alimvuta mama kupitia juu ya kiti, mkono wake wa kushoto ukaungua mpaka kiwiko. Mama ameungua miguu yote miwili. Yuko wodini.

Gari likavutwa mpaka karakana ya Babu Feni. Saa nane kasoro mchana kaka alinipigia simu, nikaenda. Nilimkuta amesimama na bandeji. Babu Feni alipiga magoti, akamulika ndani kwa tochi, akapitisha kidole kwenye ukingo wa bati. Kaka akamuuliza bati liko wapi, na ni nani mwingine anayeligusa gari hili kama si yeye. Mzee akainuka. Hakumtazama kaka, alinitazama mimi.

Akasema, "Hili limekatwa kwa mkasi wa bati. Mimi mkasi huo sina. Muulize mdogo—"

Hakumaliza. Nilimpiga ngumi ya mdomo.

Naomba iandikwe hivyo hivyo. Ngumi ya kwanza ilikuwa yangu, na nilimpiga ili asimalize. Nilisikia taya lake likivunjika. Alianguka kwenye meza yake ya kazi, vifaa vikamwagika. Nikamwambia kaka, huyu anatuzuga, amemuunguza mama halafu anatafuta wa kumsingizia. Kaka akaokota mkono wa jeki. Alimpiga begani, akampiga mbavuni, na mzee alipoinua mkono kujikinga akampiga hapo hapo, mkono ukapinda mahali pasipo na kiungo. Damu ilikuwa kwenye simenti na kwenye viatu vyangu. Muda wote mzee alikuwa ananiangalia mimi.

Kaka akamwambia, "Usimtazame mdogo wangu. Nitazame mimi."

Ningesema neno moja tu, kaka angeacha. Sikusema. Mzee alipojaribu tena kufungua mdomo, nilimpiga teke usoni. Nilikuwa na hofu, lakini hofu si kisingizio, yule ni mzee wa miaka sabini.

Mafundi wa kuchomelea wa jirani ndio waliotuachanisha. Askari walipofika nikawaambia nilikuwa naamua ugomvi, wakaniamini. Kaka akiwa na pingu aliniambia, "Mwangalie mama. Sasa umebaki wewe tu."

Jana saa nne asubuhi nilikwenda hospitali. Muuguzi alisema Babu Feni amefungwa taya kwa waya, hataweza kusema kwa wiki sita. Nilifurahi, afande. Nasema kweli, nilifurahi. Kisha nikaenda kwa mama. Aliuliza mbona Babu Feni hajaja kumwona. Nikamwambia yuko safarini.

Mama akasema, "Akirudi mwambie simlaumu. Atakuwa anajilaumu sana, maskini."

Usiku sikulala. Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya. Nimesomewa yote, ni sahihi, na sitaki lipunguzwe neno.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya ofisa: Nimeyaandika mimi mpelelezi wa zamu na kumsomea. Alipotaja ngumi ya kwanza nilimwonya kuwa sasa ni mtuhumiwa na anaweza kunyamaza. Alichagua kuendelea. Saa tano asubuhi, kwa ombi lake, nilimsomea kaka yake maelezo haya akiwa selo. Kaka yake alisikiliza mpaka mwisho, akaomba nirudie sehemu ya ngumi. Nikarudia. Kisha akaomba jambo moja tu, kwamba mdogo wake asiwekwe naye selo moja, kwa sababu atamuua.