Miaka Saba Niliyomwongezea

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu ameanguka jikoni asubuhi, sufuria mkononi. Mdomo umekwenda upande. Nikadhani ananibetulia mdomo tu, maana ndivyo anavyonifanyia nikiomba chai ya pili. Kumbe sivyo.

Hospitalini foleni imepinda kona. Dirisha la wazee wa miaka themanini na zaidi — tupu. Nikaliendea. Karani akauliza umri wa mgonjwa. Themanini na moja, nikasema bila kupepesa. Tukaandikishwa papo hapo. Ana sabini na nne. Angekuwa na fahamu angenirushia kiatu.

Picha ya kichwa imetoka. Mshipa umepasuka, damu imevujia kwenye ubongo.

Jumanne, 5 Machi

Daktari, mama mwembamba mwenye kalamu mbili kwenye nywele, ametuita mimi na mwanangu fundi umeme. Ana karatasi ya kupimia nani atapona. Fahamu imeshuka, alama moja. Damu ni nyingi, moja. Imeingia kwenye vyumba vya maji vya ubongo, moja. Umri umepita themanini, moja. Jumla nne. Huu ni mtihani ambao ukipata nyingi ndiyo umefeli.

Wa alama nne hawarudi, akasema, labda mmoja mmoja. Na vitanda vya oksijeni ni vitatu wodi nzima. Tufikirie kumpeleka nyumbani akapumzike kwa heshima.

Fundi umeme akainamisha kichwa. Mimi nikatazama viatu vyangu. Alama ya umri. Hiyo si yake, ni yangu mimi!

Sikusema. Maisha yangu yote nimedanganya wakwe, majirani na mabosi, ulimi ukiteleza kama sabuni. Leo ukweli umenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Jumatano, 6 Machi

Nimesema. Nesi wa zamu akanitazama juu hadi chini. "Babu, na huo ukweli wako una miaka mingapi?" Nikatoa kitambulisho cha mke wangu. Akakisoma mara mbili.

Mwanangu hakucheka. "Baba, nimeshapigia ndugu wote simu waje kumuaga mama." Akatoka nje.

Daktari akafuta nne, akaandika tatu. Wala hakunipongeza. Karatasi hii haikutungwa hapa, akasema. Walioitunga wana mashine ambazo sisi tunaziona kwenye picha. Hajui kama inawajua wagonjwa wake. Lakini ndiyo aliyonayo. Mgonjwa abaki na kitanda hadi Ijumaa asubuhi. Siku hiyo atamwambia afinye mkono. Asipofinya, nyumbani.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemsimulia umbea wote wa mtaa, mpaka ule alionikataza kuusema. Nikamwimbia. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaomba nimhurumie.

Alasiri — kanifinya! Kidole kimoja, cha ule mkono usiopooza. Nikamkimbilia nesi, mzee mzima, ndala moja nikaiacha njiani.

"Na huo mfinyo nao una kitambulisho, babu?"

Akaja, akashika. Hakuna kitu. Mwanangu akaniambia polepole, kama anasema na mtoto, baba, mwache mama. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Hawakusema inaishia wodini.

Ijumaa, 8 Machi

Saa mbili na nusu. Daktari yuko kitanda cha jirani. Mwanangu anakunja blanketi la kuondokea.

Kidole, tena. Safari hii sikukimbia. Nimemwita taratibu: nesi, usiniamini, lete mkono wako. Amevua glavu. Ameshika. Mikono yangu nimeiweka mbali, mmoja daftari, mmoja kalamu, kila mtu aione.

Mwanangu ameacha kukunja. Nesi anamwita daktari kwa sauti ya chini, bila kugeuka, na mkono wa mke wangu hauachii —