Mikono ya Bibi Josepha gazetini

Fakhria, bibi yangu Josepha katoka Bukene asubuhi hii kuja kudhalilishwa darasani kwetu.

Mwalimu wa uandishi wa habari alileta gazeti la mwaka sabini na nne, tuchambue picha. Wanawake wamepandishwa lori, mikono kichwani. Chini imeandikwa: "Akina mama wakishangilia kuhamia kijiji cha ujamaa." Wa mbele ndiye bibi, ndiyo maana nikamwita aje atueleze.

Bibi akasema hawakushangilia. Nyumba yake ilikuwa inaungua nyuma ya lori, na mtama wote ndani.

Mwalimu akacheka. Eti, "Bibi umesahau, gazeti limeandika mlishangilia."

Alicheka, Fakhria. Mbele yake.

Bibi hakupandisha sauti. Akamuuliza, "Mwalimu, kwenu mtu akifiwa mikono anaiweka wapi?"