Viberiti Vyote Vilitoka kwa Mjukuu Wangu

Kijiji chetu hapa Guta hakina kichocho, hata mtu mmoja, imetangazwa na mwenyekiti mkutanoni, na aliyepima ni binti yangu wa kumzaa, NYAMBURI, anayesomea maabara pale Musoma, na siku ya Sabasaba tunachinja ng'ombe kwa ajili yake.

Mpendwa mshauri, shikamoo, nisamehe nimeanza na habari kabla ya salamu, ndivyo nilivyozoea kuitoa, nimeitoa gulioni mpaka Nyamuswa, lakini kwako naomba msaada kwa sababu habari hiyo ni ya uongo na mwenye uongo ni mimi.

Kwanza ujue huyu mtoto ni wa namna gani. Mimi nina darasa la nne la zamani, lile la viboko, na ndiye niliyekuwaga nasomea wenzangu kitabu cha Mtu ni Afya kwenye kikundi chetu cha redio, lakini Nyamburi alinipita angali anavaa gauni la shule, na alipochaguliwa chuo niliwaambia watu anasomea udaktari, sikusema maabara, maana maabara nilikuwa siijui, na daktari kila mtu anamjua. Basi mwezi wa nne akaja na mwalimu wake, Mwalimu Apolinary, kupima kijiji kichocho cha tumbo, ndiyo kazi aliyopewa ya mtihani, na kitu cha kwanza alichotoa kwenye mfuko mbele ya wanawake wote ni viberiti vitupu, kila mtu chake na jina lake, akasema kesho asubuhi mtu alete humo choo chake, kiasi cha punje ya hindi. Mshauri, nilitafuta pa kuweka uso. Jirani yangu Gati, ambaye tunataniana, akasema kwa sauti ya kusikika, "Kumbe ni daktari wa viberiti." Watu wakacheka mpaka wakakohoa, nami nikacheka nao, ningefanyaje.

Hiyo ningeimeza. Iliyonishinda ni kiberiti cha mume wangu. Kwetu binti aliyekua hakai hata kwenye kitanda cha baba yake, hagusi shuka yake, sasa afungue choo cha Mzee Magesa, akikoroge kwa kijiti, akitazame kwa darubini mbele ya mwalimu? Mzee mwenyewe alikiweka kile kiberiti juu ya kichanja akaenda zake kwenye shamba la pamba, na mimi najua akifanya hivyo amekataa. Nikamwangalia mjukuu wangu, mtoto wa kaka yake Nyamburi, bado ananyonya, na choo cha mtoto mchanga hakina aibu, kila siku tunakishika. Nikajaza cha mzee. Nikaona changu nacho kwa nini, nikajaza, na vya vijana wangu wote. Ningeishia hapo labda nisingekuandikia, lakini nilipoenda ziwani kuchota maji nikawakuta wenzangu wananong'ona shida ileile, huyu ana mkwe ndani, yule mume wake amekataa, na mdomo wangu naujua, nikawaambia kama mtu aliyevumbua dawa, wekeni vya watoto wachanga. Neno likazunguka nyumba zote kabla jua halijawa kali. Wasio na watoto wadogo wakaja kuomba kwangu. Gati naye alikuja, nikamgawia.

Nyamburi akapima siku kadhaa, na mwenyekiti akasoma majibu mkutanoni, kijiji safi, akasema dawa zilizokuwa zije kwetu ziende kijiji kingine chenye wagonjwa, sisi tujiandae kula nyama. Nikapiga vigelegele. Nilipiga kweli, mshauri, wakati ule nilikuwa nimesahau.

Jumapili iliyopita Nyamburi akaja na basi, macho yamevimba. Mwalimu Apolinary amemwambia watu wanaooga na kufua ziwani tangu kuzaliwa hawawezi kukosa hata yai moja la kichocho, kwa hiyo ama hakuangalia, alijaza tu, ama hajui kuangalia, na chuo hakitaki mtu wa namna yoyote kati ya hizo, na baada ya Sabasaba watakaa waamue kama wamrudishe nyumbani. Akaniambia, "Mama, niliangalia. Niliangalia kimoja kimoja mpaka jicho likatoa machozi. Labda kweli sijui."

Nilikuwa nasonga ugali. Nikamwambia kula, utachelewa basi. Akala, akaondoka.

Nikisema, mzee atajua nilimfanyia nini, wenzangu wataniita msaliti, na mwenyekiti ataonekana mjinga yeye na ng'ombe wake. Nikinyamaza, mtoto wangu anarudi nyumbani akiamini hana akili. Na mzee naye tangu mwaka jana anatoa damu chooni na tumbo linamjaa, ila hilo huwa silisemi kwa watu. Nifanyeje? Jina langu usilitaje. La binti ukiliandika, liandike kwa herufi kubwa.

Mama wa Guta

*

Mama wa Guta, marahaba.

Majina yote nimeyabadilisha, pamoja na la binti, ila herufi kubwa nimekuachia pale mwanzoni.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, na mimi ni mtu. Mara ya pili nilipofika kwenye ugali nikaiweka chini. Mtoto anakuambia labda sijui, na wewe unajua fika kwamba anajua, unamwambia ale asichelewe basi. Kama unatafuta mahali pa kuona aibu, ona hapo. Viberiti ni upuuzi tu.

Kwamba baba asifunuliwe mbele ya bintiye, hilo sikucheki, mimi pia ni binti wa mtu. Lakini mwalimu alikuwa pale pale. Ungemvuta pembeni ukamwambia, angepanga. Hukumwambia kwa sababu ulikwisha kutangaza daktari, na daktari wako hakutakiwa kuonekana na vitu vya chooni. Daktari gani anajua kilichomo tumboni mwa mtu pasipo mwingine kumtazamia? Binti yako ndiye anayetazama. Mlimpelekea choo cha watoto wanaonyonya, wasiojua hata ziwa liko wapi, naye akajibu kwamba hawana kichocho. Hakukosea hata kimoja. Mwambie hivyo, kwa mdomo huohuo uliowapa wenzio akili.

Na damu ya Mzee Magesa unaitupia mwishoni kama umeikumbuka ukiwa mlangoni. Mama, dawa yake ilikuwa njiani kuja Guta. Ikapita, na wewe ukaisindikiza kwa vigelegele.

Sasa nisikilize. Panda basi la kwanza uende Musoma. Zungumza na binti kwanza, ninyi wawili tu. Atalia, na huenda akakukasirikia. Vumilia, usimpe chakula. Kisha mwende wote kwa Mwalimu Apolinary, useme ulichofanya, bila "na wenzangu nao." Mwombe warudi kupima upya, na kwa hilo mambo mawili: safari hii viberiti viandikwe namba badala ya majina, orodha akae nayo yeye, na vya wanaume vipokelewe na vipimwe na mwanafunzi wa kiume. Akikataa la pili, la kwanza linatosha, namba haina baba. Ukirudi, mweleze mzee kabla hajasikia kwa watu, na anza na ile damu yake. Atanuna. Mtu aliyebeba maumivu mwaka mzima bila kunung'unika, hata kununa kwake ni nafuu. Ndipo uende kwa wanawake pale ziwani. Gati atakutania mpaka uchoke. Mwache, naye ana tumbo lake la kupimwa.

Sherehe usiivunje. Mwendee mwenyekiti naye umweleze; hatakuwa mjinga akitangaza mwenyewe kwamba wataalamu wanarudi kupima upya, watu wakishapimwa vizuri dawa ziombwe tena, na ng'ombe achinjwe kama alivyoahidiwa. Ila nyama ije baadaye. Kila anayetaka kipande aje asubuhi na kiberiti, na ndani yake kiwe cha kwake mwenyewe. Wewe usimame wa kwanza kwenye mstari, mzee nyuma yako, kisha Guta nzima, siku ya Sabasaba.