Jezi Iliyonifika Magotini

Mjukuu wangu Akinyi,

Nisamehe kwa kimya changu kirefu. Huku ughaibuni, Hounslow, tu wazima; babu yako bado anabishana na televisheni.

Unauliza kama kocha wa mpira wa magongo atakuacha kwa sababu ya ufupi. Nilipokuwa msichana, siku ya mchujo shuleni kwetu Kisumu, mwalimu alitupanga kwa kimo, akanituma kuokota mipira.

“Kaa kando, kadogo, utavunjwa,” nahodha akanicheka.

Mpira wake uliponijia, sikuuokota. Niliinama na gongo langu, nikampita, nikafunga.

“Mpeni jezi,” mwalimu akasema. Ilinifika magotini, nikaivaa mpaka tukatwaa kombe.

Ukipimwa kimo, usijiinue kwa vidole vya miguu.

Jumamosi tunachagua watoto wa klabu ya magongo ninayosaidia kufundisha huku. Yupo mmoja ambaye gongo linamfika kifuani, nitamtetea. Uamuzi ukipatikana, nitakuandikia.

Nyanya yako