Baba, Kompyuta ya Masanja Ilikuwa Inalia

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini sijawahi kuanza kuzungumza na wewe bila hiyo, na leo ndiyo siku mbaya zaidi ya kukosa adabu.

Arobaini yako tumeimaliza. Mama amerudi Mofu, mpunga umeanza kutoa masuke na ndege hawajui msiba. Baba Jose yuko Mlimba relini, anakuja mwisho wa mwezi kama kawaida. Nimebaki mimi na mtoto na nyumba, na karakana yako hapo mbele. Watu wakipita wananiuliza, "Unaendeleaje, mama Jose?" Najibu, "Naendelea." Na ni kweli. Nafua nepi, nanyonyesha, napika, naanika, naanua. Chakula nakila, ladha siijui. Siku ya mazishi shangazi alinisugua mgongo akisema, "Lia mwanangu, utaugua." Nikamwambia nitalia baadaye. Hiyo baadaye haijafika. Kifua changu ni kama mguu uliokufa ganzi: nauona ni wangu, nikiubonyeza sipati jibu.

Kinachonijia kila siku ni kitu kimoja, ile Jumapili tulipoipima kompyuta ya Masanja.

Unakumbuka alivyokuja, kijana wa Kisukuma kutoka Mbingu, baba yake mwenye ng'ombe, na picha ya kompyuta kwenye simu. Anacheza gemu huku anaongea, anajirekodi, anatuma mtandaoni watu wamtazame. Alitaka aundiwe kompyuta ya kazi hiyo, yenye nguvu na iliyo kimya, maana kipaza sauti chake kinameza kila kitu. "Nikiongea nisikike mimi, mzee, isisikike mashine." Wewe ulikuwa umestaafu kiwanda cha sukari, fundi wa mota. Kompyuta ya gemu ulikuwa hujaigusa maisha yako yote. Ukamjibu, "Mtani, kitu chochote chenye feni ni ndugu yangu."

Wewe Mngoni, yeye Msukuma. Mlianza kutaniana kabla hajapewa kiti.

Vipuri vilikuja kwa basi kutoka Dar, leo kimoja, wiki ijayo kingine. Mimi nilisoma maelekezo kwenye simu, kidato cha nne changu kikatosha, wewe ukafunga skrubu. Kwa sababu ya pumba zinazopeperuka kutoka mashine ya kukoboa mpunga ya jirani, ulinituma nikate kile chandarua kilichochakaa, nikashona vipande vya kuziba matundu ya kasha, hewa ipite na pumba zibaki nje. Ulijivunia vile vipande kuliko kompyuta yenyewe. Kila mgeni alionyeshwa.

Kupima ndiko kulikokuwa kugumu. Siku za kazi mashine ya jirani ikiwaka, umeme unashuka na kuta zinatetemeka, mtu akikuita unamsoma mdomo. Ikabaki Jumapili asubuhi, jirani akiwa kanisani. Nikakuuliza, na sisi je? "Mungu atatusamehe misa moja," ulisema. "Yeye mwenyewe alipumzika siku hiyo, asikie alichokitengeneza kinavyozunguka."

Masikio yako yalibaki kiwandani, baba. Ulikuwa unasema hivyo mwenyewe bila huzuni, kama mtu aliyesahau kofia. Miaka yote ile katikati ya vinu vya kukamulia miwa ilikula sauti nyembamba zote: ndege, mlio wa simu, kilio cha mjukuu wako akiwa chumba cha pili. Zile nene ulibaki nazo. Kwa hiyo, kama ulivyopima kila mota mbele ya wateja, ulichukua bisibisi yako ndefu, ncha ukaigusisha kwenye kasha, mpini ukaukandamiza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, ukafumba macho.

"Nene nazichukua mimi," ulisema. "Nyembamba ni zako. Hapo mimi sina langu."

Halafu ukapaza sauti kana kwamba uko kiwandani: "Haya, tia miwa!"

Miwa ilikuwa lile gemu la magari, zito kuliko yote aliyotuletea Masanja. Ulisema mashine haipimwi ikiwa tupu, na hii itatiwa miwa saa nzima. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki, Jose yuko kwenye titi la kushoto, nikaendesha gari kwa mkono wa kulia. Nikagonga ukuta. Nikagonga gari la polisi. Nikaingia mtoni.

"Wewe leseni umepewa na nani?"

"Si umesema nitie miwa?"

"Nimesema miwa, sijasema uchome shamba!"

Nilicheka mpaka Jose akaachia titi akanitazama. Ukawa unauliza, mimi nasoma kwenye kioo. Joto? Limefika sabini, halipandi tena. Picha? Hazikwami. Ukapitisha mgongo wa mkono nyuma ya kasha, polepole, ukatikisa kichwa kwa kuridhika. Mara mbili bisibisi ilikuambia kuna kitu kinatetemeka ndani, mara mbili tukazima, tukafungua, ukakaza, tukafunga, tukaanza saa upya. Mara ya tatu zile nene zako zote zikawa safi.

Saa ilipokaribia kuisha, feni ya nyuma ikaanza. Kiiii. Nyembamba kama uzi. Ilikuja gari lilipoingia mjini penye taa nyingi, mashine ikielemewa. Gari lilipotoka, ikakata. Likaingia tena, ikarudi.

Jose ndiyo kwanza alikuwa amelala. Mimi nilikuwa sijalala usiku ule, wala wa kabla yake, wala wa kabla ya huo. Nilijua nikisema, utalifungua kasha mara nyingine, na mimi nitashika tochi, na mtoto ataamka.

"Vipi huko kwa nyembamba?"

"Hamna kitu, baba."

"Hakika?"

"Hakika."

Ukatoa bisibisi kwenye mfupa, ukaifuta kwa shati lako. "Basi imepita."

Nimeyageuza yale majibu yangu kila upande, baba. Jibu la kwanza naweza kusema lilikuwa la uchovu. La pili sina pa kuliweka. La pili ulinipa nafasi, na nilikuwa macho.

Siku ya nne Masanja akarudi, kompyuta imefungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki. Umeme ulikuwa umekatika, mashine ya jirani kimya, na benchi la mbele ya karakana limejaa watu waliokuwa wanasubiri mpunga wao. Kila mtu alisikia.

"Mngoni!" alianza kabla hajashuka. "Wewe mtu wa ajabu. Chandarua umeshona nje, mbu umemfungia ndani!"

Benchi zima likaangua kicheko.

"Nikiongea kwenye gemu watu wananiuliza, kaka, mbu wa kwenu wanatumia spika? Hii ulinipimia kwa masikio au kwa magoti?"

"Kwa tumbo," ukamjibu. "Kwetu mbu akinona hivyo ni mboga."

Wakacheka zaidi. Na wewe ukacheka. Mtani hakasirikiwi, akikukata unamshukuru kwa kisu kikali. Nilikuwa nimesimama mlangoni, Jose mgongoni. Ungeweza kusema, "Nyembamba zilikuwa za binti yangu, muulizeni yeye." Hukusema. Hata kunitazama hukunitazama. Ulisema, "Masikio yamezeeka, mtani. Iache, nitaiangalia."

Jioni ile ulikuja jikoni, ukafungua khanga ukamtoa Jose mgongoni mwangu. "Leo nambeba mimi mpaka alale," ulisema. "Na wewe kalale, mama." Uliniita mama kwa sababu nina jina la mama yako, lakini siku ile uliliita taratibu mno. Hapo nikajua kwamba unajua. Na nilichofanya ni kwenda kulala. Nililala vizuri, baba. Sikukuambia kitu asubuhi, wala keshokutwa yake.

Kompyuta hukuifungua. Uliifunika gunia. Mtu akileta mota ulimwambia apeleke kwa vijana wa sokoni, "mimi masikio yangu yamestaafu rasmi." Ukawa unashinda kwenye benchi na wale wa mpunga, mikono juu ya mapaja, huku mlango wa karakana uko wazi nyuma yako. Miezi miwili hivyo. Kisha presha, siku tatu, basi.

Sisemi kwamba nilikuua. Presha ulikuwa nayo tangu kiwandani. Nasema siku zako za mwisho ulizikaa kama mtu asiyejua kazi yake, na kazi yako uliijua.

Mazishini Masanja alikuja kama mtani anavyotakiwa kuja. Akalizuia jeneza mlangoni mpaka apewe kuku. Alipopewa, akalalamika kuwa kuku mwenyewe ni wa Kingoni, amekonda. Halafu akaingia karakana, akatoka na bisibisi yako. Akainama, ncha kwenye jeneza, mpini nyuma ya sikio, macho amefumba, vile vile kabisa, mpaka lile bega lako la kushoto lililokuwa linapanda.

"Jamani," akasema, "leo Mngoni hana kelele. Imepita!"

Watu walicheka huku wanalia. Mama naye alicheka, mara ya kwanza tangu ufariki. Ulikuwa utani mzuri, baba, ungeupenda. Mimi nilisimama na beseni la vikombe mikononi, nikawaza: sasa ndivyo watakavyokusimulia. Mzee kiziwi aliyejitia kupima kelele. Wajukuu wa hawa watu watalisikia hilo wakati mpunga unakobolewa.

Wiki iliyopita Masanja akaja kuchukua mali yake.

"Dada, nipe hivyo hivyo ilivyo. Nitazoeana na mbu wangu."

"Haitoki hivyo."

"Mwenye mali si mimi? Nimekubali."

"Wewe umekubali, mimi bado. Rudi Jumapili asubuhi."

"He! Kumbe Mngoni kaacha Mngoni mwingine."

Nilifungua mwenyewe. Feni ilikuja kwa basi. Nilikaa chini, Jose kwenye mkeka akila mfuniko wa chupa, nikatoa ile ya zamani, nikaweka mpya, nikarudishia vipande vya chandarua baada ya kuvifua. Sikusikia uchungu wala raha. Mikono ilijua.

Jumapili Masanja akaja, akakaa kwenye stuli yako bila kujua ni yako. Nikaiwasha, nikaitia miwa saa nzima, nikapita penye zile taa mara kumi, kumi na tano. Yeye akawa anainamisha kichwa huku na huku.

"Mbona kimya hivi?"

"Ndivyo baba alivyotaka iwe." Nikasimamisha gari. "Masanja, ile sauti niliisikia siku ile ile tulipopima. Baba aliniuliza mara mbili. Nikamwambia hamna kitu."

"Acha utani wako."

"Sitanii."

Akanitazama, akaona.

"Kwa hiyo mimi nimemcheka mzee mbele ya jeneza lake kwa kosa lisilo lake."

"Hukujua."

"Mimi sikujua. Wewe ukaniacha nicheke."

"Nilikuacha."

Nilitamani anifokee. Hakufoka. Alibeba kompyuta yake nje, akaifunga kwenye pikipiki, akakaza mpira, akaujaribu kwa kidole. Ndipo akasema bila kugeuka, "Ule utani mimi siwezi kuurudisha, dada. Niliusema mbele ya watu. Na wewe hili umeniambia ndani, tukiwa wawili." Akawasha, akaenda zake Mbingu.

Alisema kweli, na mimi mwanao si mtu wa kubishana na kweli. Kwa hiyo barua hii siipeleki kaburini, wala siiweki sandukuni. Naiandika kwa herufi kubwa, na kesho kabla ya saa mbili nitaibandika kwenye mlango wa karakana, usawa wa macho ya wanaokaa benchi.

Ninyi mnaosoma: baba yangu hakukosea kipimo. Alijua asichoweza kusikia, akatafuta wa kumsikilizia, akauliza mara mbili. Aliyejibu uongo ni mimi. Mlipomcheka alinisitiri, mkaendelea kumcheka, akaendelea kunisitiri mpaka akafa. Mwenye kutaka kucheka sasa acheke, nipo humu ndani nafanya kazi.

Baba, msamaha siuombi. Nadhani ulinipa jikoni, kabla sijajua kuuomba, na sijui mtu anafanya nini na kitu kama hicho. Nilitegemea nikifika mstari huu nitalia. Sijalia. Labda na hilo lina siku yake, na nikiiona nitakuja kukaa na wewe mpaka liishe.

Jina lako liko juu ya mlango, kwa rangi uliyopaka mwenyewe, na sitaliondoa. Langu naliweka hapa chini, watu wajue wa kumuuliza.

Lala salama, baba.

Binti yako,
Oliva